Chaki ya Koridoni

"Wanakufanya panya wa majaribio, mama," Mbwana alisema mbele ya foleni yote ya hospitali.

"Panya haulizwi, baba. Mimi nimeulizwa, nikasomewa karatasi, nikakubali."

Dawa hiyo mpya ilikuwa ya miguu isiyofikiwa na damu vizuri. Nesi alimweleza mama huyo, Bi Somoe, atembee koridoni, na maumivu yakianza tu aseme, achorewe mstari wa chaki pale aliposimama. Atakayefika mwisho kimya hachukuliwi kwenye majaribio.

Hatua ya ishirini shavu la mguu likamkaza kama kamba ya kitanda. Lakini Bi Somoe alizaa watoto saba bila jirani kusikia sauti yake, na mdomo ukajifunga wenyewe kwa mazoea. Akapiga hatua nyingine tano.

Mbwana, aliyekuwa akimsubiri mwisho wa korido na kapu lake, akacheka. "Umeona, nesi? Mama yangu mzima huyu. Twende zetu nyumbani."

Bi Somoe akasimama.

"Nimepitiliza, mwanangu," akamwambia nesi. "Yalianza kule nyuma." Akageuka, akarudi hatua zote tano akichechemea na kuguna waziwazi, watu wakimtazama, nesi akimsogezea kiti. "Hapa! Panawaka moto hapa. Andika, na kiti chenu sikitaki."

Mbwana akaliweka kapu chini.

Nesi akapiga magoti. Bi Somoe akavua kandambili, akakanyaga sakafu ya baridi, na chaki ikapita taratibu mbele ya vidole vyake, korido iliyobaki ikiwa haina alama.