Sauti ya Nyuma

"Hongera, dada," mwalimu wa Kiingereza ameniandikia kwenye simu. "Kwa huruma hiyo, mtihani wa manesi wa kwenda ng'ambo utaufaulu. Ila kuna mtu anaita huko nyuma. Siku nyingine funga mlango."

Naisikiliza upya rekodi niliyomtumia. Nilijirekodi jana mchana stoo ya wodini, zamu ikiendelea, nikimwambia mgonjwa wa kubuni kwa Kiingereza: nakusikiliza, usiwe na haraka.

Nyuma ya sauti yangu, kwa mbali: "Nesi... nesi, mwanangu..."

Ni mzee wa kitanda cha nne. Anaita mara sita. Ya saba inakatikia njiani.

Mbele yangu mfanya usafi anafuta godoro la mzee, anapitisha kitambaa chenye dawa hadi kwenye mishono.

"Mzee wetu katutoka kimyakimya, eh, sista?"

Namwandikia mwalimu: Mlango nilikuwa nimeufunga.