Mshono wa Katikati

Mkasi ulikuwa umeshauma pindo la tanga la mbele, mkono wa mke wa nahodha ukagoma. Tanga hilo alilishona mama mkwe wake kwa mkono, na hakuna mgeni aliyepanda katamarani yao, mashua ya matumbo mawili, akashuka bila kusimuliwa habari zake.

Mvua ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri. Ndani, mama mkwe alilala chini ya dirisha, pumu imembana. Likifungwa, pumzi zinamkatika. Likiachwa wazi, analowa. Walishaegesha mwavuli, wakaweka taulo, wakajaribu hata sinia la jikoni. Maji yalitambaa pembeni yakaingia, kana kwamba yamekaribishwa.

"Si ufunge tu," nahodha alipaza sauti kutoka kwenye usukani.

"Njoo ufungiwe wewe!" mkewe akamjibu.

Kilichotakiwa ni kitambaa kizito, kipana, kitokeze juu ya dirisha kama ukingo wa kofia. Ndani ya chombo kilikuwepo kimoja tu.

Akakaza vidole. Mkasi ukala kitambaa, krrr.

Chini, kikohozi kikanyamaza. Mlio ule bibi yule aliujua hata usingizini.

"Mkwe, unakata tanga langu?"

"Nakata, mama. Utanisema ukishapona."

Tone moja likadondoka kwenye godoro.

"Basi usikate hapo kwenye pindo. Kata mshono wa katikati." Akavuta pumzi kwa taabu. "Ule niliukosea. Miaka kumi na tisa namwomba Mungu usiuone."