Mama Hadia Amerudi

Mwajabu alipoteuliwa kuwa rafiki wa mahakama, wakili wa kuwashauri majaji bila kuegemea upande, alilazwa hospitalini akatolewa upendeleo wote wa moyoni, hata kwa watu wake. Ndiyo sheria. Kesi ikiisha, mtu hurudishiwa.

Jana hukumu ilisomwa. Leo amerudi nyumbani, anataniana na majirani kama zamani.

"Wamekurudishia, mama Hadia?" mumewe, Kaniki, alimuuliza.

"Wamenirudishia. Mbona unanichambua kama mchele?"

Kaniki akacheka, moyo ukatulia.

Mara vilio vikasikika uani. Binti yao Hadia na mtoto wa jirani walikuwa wamegongana vichwa, wote wanatoka damu puani. Hadia akamkimbilia mama yake, akamkumbatia miguu. Mwajabu akaibandua mikono ile taratibu, akamsimamisha sambamba na mwenzake.

"Haya, mmoja mmoja," alisema kwa upole. "Nitawasikiliza wote."

Hadia akazidi kulia. Kaniki hakuweza kuvumilia, akamnyanyua, akamkumbatia.

Mwajabu akamtazama.

"Kwa nini huyu?" aliuliza, na usoni ilionekana kwamba kweli alitaka kujua.