Joto la Koridoni

Mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa mzito, kana kwamba mtu ameuegemea kwa ndani. Mchora ramani akausukuma kwa bega, na gauni kuukuu lililokunjwa likaburuzika sakafuni. Mama alikuwa ameziba nalo uwazi wa chini ya mlango.

Mwenyewe alikuwa amekaa chini, miguu ndani ya beseni la maji, kitambaa kilicholowa kichwani.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu, baba. Ni hili joto la koridoni. Sijui mwaka huu linatoka wapi."

Yeye alijua fika. Nondo za dirisha la ofisi yake ya humo nyumbani zilipokataa kupitisha bomba la kutolea hewa ya moto ya kiyoyozi, alilitolea koridoni, akajiambia kwamba koridoni hakai mtu. Tangu hapo alichora ramani zake kwa raha mustarehe, msimu wa joto kali, sweta mwilini. Sasa hewa ya bomba lile ilimchoma kisogoni, na roho ikamsuta.

"Mbona hukuniita?"

"Nilikusikia unaongea na wakubwa zako kwenye kompyuta. Nikaona nisikuaibishe."

Akapiga magoti, akatia mkono kwenye beseni ili ambadilishie maji. Yalikuwa na moto wa maji ya kuogea.

Mama hakuwa akimtazama. Macho yake yalikuwa yamempita, yametua kwenye mlango wa ofisi aliouacha wazi.

"Kaufunge, baba," akasema. "Ubaridi wako wote unatoka."