Chapati za Shahada

Kama kila asubuhi, Wakio alikuwa amepita kwa baba yake wakande unga, mashine ya ukutani ilipowakatiza: "Leo ni siku ya mwisho."

Zama hizo mwalimu hakupewa shahada ya uzamili ya ufundishaji mpaka amfundishe mzazi wake jambo moja, na mashine ithibitishe. Kwa miezi minane, chapati za mzee zilitoka kama ramani.

"Baba, leo usiniangushe."

Mzee akasukuma moja. Ikatoka duara kamili.

"Amefuzu," ikasema mashine. "Somo limefungwa." Ikazimika.

Wakio akamrukia baba yake kwa furaha, unga ukawajaa. Kisha akamtazama. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu mwezi wa pili, mama. Nilitaka tu uwe unakuja."