Kilo Tatu na Nusu za Maji

Mizani ilisema mia na ishirini na moja na nusu. Tani akashuka, akaisogeza kwa kidole gumba cha mguu mpaka kwenye kigae kisichocheza, akapanda tena. Mia na ishirini na moja na nusu.

Siku tano nyuma, kabla hawajampasua, alikuwa mia na kumi na nane. Tumbo walilikata wakamwachia kipande chembamba kama ndizi, na tangu hapo hakijapita kitu kooni ila mchuzi uliochujwa, tena kwa kijiko cha chai. Sasa hizi kilo tatu na nusu zimetoka wapi, au siku hizi hewa nayo inanenepesha?

"Nimeongezeka," alimwambia mdogo wake, Njiti, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akingoja zamu yake ya kujipima. Walijipima wote wawili kila asubuhi na kuandika kwenye daftari moja.

"Hujaongezeka. Ni maji."

"Maji gani, na hata glasi sijamaliza?"

"Ya dripu. Walikutundikia chupa ngapi? Halafu mwili uliochanwa huvimba, hushika maji." Njiti aliinama, akambonyeza dada yake kifundoni, akaachia, wakatazama kishimo kikijaa taratibu. "Unaona? Maji tu. Yatatoka."

Tani alitaka kuamini, ila alikuwa amechoka. Kuchoka kwenyewe hakukuanza na kisu. Alikuwa dobi, miaka kumi na tisa mbele ya meza ya pasi, na jina la Tani alipewa na wateja naye akaliitikia bila kinyongo. Mwili wake haukuwahi kumnyima usingizi. Hadi siku ile daktari alipofunga faili na kusema, "Mwisho wa mwaka uwe chini ya tisini. Ikishindikana, tusahau."

Akatembea, akafunga, akanywa majani machungu ya kila aina. Zikashuka nne, zikapanda sita. Ndipo akakubali kukatwa.

Jirani wa mlango wa pili alikuja kumjulia hali, akamkagua kuanzia utosini mpaka kisiginoni.

"Shoga, wamepunguza au wameongeza?" Akacheka peke yake. "Ungemwiga mdogo wako. Mtazame, kiuno cha nyigu. Chumvi hagusi, maji anapima kwa kikombe. Hiyo ndiyo nidhamu."

Njiti alitabasamu, akavuta mikono ya blauzi mpaka viganjani ingawa joto lilikuwa la kuchemsha yai, akaendelea kumumunya kipande chake cha barafu.

"Na huyo bwana unayejikatia tumbo kwa ajili yake, maana najua lazima yupo," jirani akasema, "siku akija, aje na shukrani."

"Atakuja nazo," Tani akajibu. Hakuwa na nguvu za kubishana, na maneno hayavunji mfupa.

Kilichomuuma ni Njiti. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitoka asubuhi na mapema, mkoba begani na sweta ndani yake, akarudi mchana uso umempauka, akajitupa kitandani na viatu vyake. Akiamka, anakwenda jikoni kumchujia dada yake mchuzi.

"Ninakuchosha, mdogo wangu."

"Nimekwambia nimechoka? Meza mchuzi."

Siku ya saba mizani ikasema mia na ishirini na mbili. Tani akakaa chini kwenye sakafu ya bafu na kulia, mkono mmoja kwenye mshono ili usimvute. Aliogopa kushindwa. Alijiona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akampigia simu muuguzi, naye akamwambia neno lilelile: maji, mama, yatatoka, hiyo mizani itie mvunguni wiki mbili usiitazame.

"Haiendi mvunguni," Njiti akasema, akaipangusa na kuirudisha mahali pake.

Siku ya tisa mambo yakafunguka. Tani akaenda chooni, akarudi, kabla hajajilaza akaenda tena. Kutwa nzima ikawa hivyo, na siku ya kumi vilevile, hata akaona heri ahamie hukohuko na mto wake. Miguu ikaanza kuonyesha mifupa aliyokuwa ameisahau.

Ijumaa asubuhi akapanda mizani huku amefumba jicho moja. Mia na kumi na sita na pointi nane.

"Andika," alisema. Akacheka, akashika mshono, akacheka tena. "Andika kwa herufi kubwa."

Njiti akaandika. Kisha naye akapanda. Arobaini na tisa. Juzi, aliporudi, ilikuwa arobaini na saba. Aliandika hiyo pia, chini ya ile ya dada yake, akakunja sweta akaitia mkobani, akaketi juu ya ndoo avae viatu. Havikuingia.

Kicheko cha Tani kikakatika. Akapiga magoti polepole, akalegeza kamba za viatu, akaushika mguu wa mdogo wake. Akambonyeza kifundoni na kuachia. Kishimo kikabaki palepale.

"Yako yametoka yenyewe," Njiti alisema. "Yangu mpaka mashine iyavute. Fika tisini upesi, dada, unipe hiyo figo, na mimi nikojoe kama watu."