Mama Mwezi Ujao

Mkunga alipofunua gauni ili apime tumbo la miezi tisa, alikuta shali la mtoto, limekunjwa mara nne na kukazwa kwa mkanda kiunoni.

Alirudi nyuma hatua moja. Ulikuwa mwezi wake wa kwanza kazini, na chuoni hakuna aliyemfundisha la kufanya mbele ya mimba ya kitambaa.

"Endelea tu, mwanangu," alisema yule mama, amelala chali kwa utulivu wote. "Mkubwa wako huwa anapima juu kwa juu."

Alikuwa mtu mzima, hamsini kasoro kidogo, nywele amesuka vizuri, ngozi ameipaka mafuta. Macho yake hayakubanduka usoni kwa mkunga hata mara moja.

Huyo mkubwa wake ndiye aliyekuwa mkunga mkuu wa zahanati ile, na nyumbani ndiye mama yake. Asubuhi hiyo presha ilimpanda, akashindwa kuinuka kitandani. Alichoagiza ni kwamba wajawazito wote wahudumiwe, ila wa mwisho kwenye benchi aambiwe arudi kesho. Binti aliitikia kwa mdomo. Foleni ilipokwisha, akamwona mama wa watu amekaa na begi lake tangu saa moja, na moyo haukumruhusu kumfukuza.

Sasa alimwomba asubiri kidogo, akatoka kumtafuta mfagizi, mzee aliyekuwa pale tangu kuta zikiwa mpya.

Mfagizi alicheka kwanza. Kumbe amekutana na Mama Mwezi Ujao? Basi akamweleza, huku akikamua dekio. Yule alijifungulia hapa hapa miaka ishirini na ushei iliyopita, na mkunga mkuu ndiye aliyemzalisha. Mtoto akafa siku hiyo hiyo, na hata maiti mwenyewe hakuiona, maana alikuwa amezimia. Tangu hapo akili zikamruka. Kila mwezi anakuja na tumbo lake la nguo, mkunga mkuu anafunga mlango, anampima, anamwandikia, anamwambia arudi mwezi ujao. Zahanati nzima imemzoea.

"Mama yako ana roho ya peke yake," alisema mfagizi. "Mwingine angeshamwitia askari."

Binti alijisikia fahari, kisha fahari ikamtoka. Miaka ishirini na ushei mwanamke anamwandalia mtoto ambaye hayupo. Na mama yake, aliyemwambia tangu utotoni kwamba mjamzito hadanganywi hata akililia kudanganywa, ndiye aliyekuwa anautilia mafuta uongo huo kila mwezi. Huruma gani ya namna hii? Akaamua kuwa leo atamwambia ukweli, taratibu, hata kama watalia wote wawili.

Aliporudi, yule mama alikuwa ameketi, anapanga vitu vya begi juu ya shuka, kama wafanyavyo wote waliokaribia siku zao ili mkunga avikague. Pamba. Beseni. Vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi. Kofia na soksi za kichanga. Chini ya soksi kulikuwa na sweta la mtoto wa miaka minne hivi.

"Hili litamtosha lini, mama?" mkunga aliuliza kwa upole.

"Nilichelewa kulimaliza," alijibu, akalikunja upya.

Haikuwa sauti ya mtu aliyerukwa na akili, na hilo ndilo lililomtisha mkunga kuliko yote. Akaketi kando yake, anatafuta pa kuanzia, lakini mwenzake akamtangulia.

"Analala vizuri?"

"Nani?"

"Mtoto."

Ukweli ulimfika mkunga mdomoni, ukakwama. "Analala," alisema.

"Na kula?"

"Anakula unachokula wewe, mama." Ndivyo alivyozoea kuwajibu wote, na wote hucheka.

Huyu hakucheka. "Ingekuwa hivyo ningeshukuru," alisema.

Mkunga akaona wakiendelea hivi, na yeye ataishia kumpangia tarehe. Akaomba kadi ya kliniki. Alitaka amwonyeshe tarehe ya kwanza, waihesabu miaka pamoja, ili aone kwa macho yake kwamba hakuna mimba ya namna hiyo duniani.

Yule mama alisita. Hiyo, alisema, huisoma yeye na mkunga mkuu tu. Kisha, kama mtu aliyechoka kubeba, aliitoa kifuani akamwekea mkononi.

Zilikuwa kadi nyingi, zimeshonwa pamoja kwa uzi, na mwandiko wote ni wa mama yake. Safu ya kimo cha mimba ilikuwa tupu. Ya mapigo ya moyo, tupu. Iliyojazwa ni ya uzito peke yake. Mwezi wa kwanza, kilo tatu na robo. Wa pili, nne na nusu. Mkunga alisikia uchungu. Hata kudanganya mama yake hakujua, mtu mzima gani mwenye kilo nne? Akafunua mbele. Kumi na moja. Kumi na tisa. Ishirini na mbili, halafu ghafla kumi na nane, na pembeni maneno machache: homa ya matumbo, wodini wiki tatu, ameanza tena kutembea.

Wiki tatu hizo alizikumbuka. Alikuwa na miaka saba, na mama yake alilala sakafuni kando ya kitanda chake mpaka alipopona.

Akageuza hadi ukurasa wa mwisho. Mstari wa mwezi uliopita, wino ungali mpya, ulisema: kilo hamsini na nne. Amemaliza chuo. Anaanza kazi hapa kwangu. Bado hajui.